Mteremko au Bonde, Waya au Kichanja: Ulinganisho kwa Anayetaka Kupanda Mizabibu

Mzabibu uliopandwa vizuri huanza kutoa mavuno ya maana katika mwaka wake wa 3, na huweza kuendelea kuzaa kwa miaka 30 au zaidi. Katika muda huo mkulima anaweza kubadili namna ya kupogoa, kupanga upya ratiba ya maji, kung'oa nguzo na kuzisimika kwa mpangilio mwingine, hata kubebesha aina nyingine ya zabibu juu ya mashina yaleyale. Asichoweza kukibadili ni mahali shamba lilipo. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na ardhi na kuipa nafasi kubwa kuliko mambo mengine, kisha unaingia kwenye uchaguzi wa mashina, wa namna ya kuutegemeza mmea, wa kupogoa na wa kumwagilia, ambao kwa kiasi kikubwa hufuata kile ambacho ardhi imekwisha kuamua.

Kigezo kinachotumika hapa ni kimoja: kati ya maeneo mawili yenye kasoro, lenye upungufu ni afadhali kuliko lenye ziada. Maji yakipungua huletwa kwa bomba, na rutuba ikipungua huongezwa kwa samadi au mbolea. Maji yaliyotuama kwenye mizizi, rutuba iliyopita kiasi, baridi inayojikusanya usiku na unyevu unaokaa kwenye majani hadi saa nne za asubuhi ni mambo magumu kuyaondoa, na mengine hayaondoki kabisa. Mtu aliyezoea kulima nafaka au mboga huona kigezo hiki kuwa kinyume cha mambo, kwa kuwa yeye hutafuta udongo mzito, mweusi na wenye unyevu. Mzabibu katika udongo wa namna hiyo hustawi sana majani, na ustawi huo ndio mwanzo wa matatizo.

Mteremko na bonde

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku usio na mawingu huteremka taratibu kufuata mwinamo wa ardhi na kukusanyika katika sehemu ya chini kabisa. Katika nchi zenye majira ya baridi, jambo hili peke yake linaweza kuamua kama shamba litaleta faida au hasara, kwa kuwa machipukizi ya mzabibu yaliyotoka kuchanua majani huungua joto linaposhuka nyuzi 1 au 2 tu chini ya sifuri, na usiku mmoja wa jalidi huondoa sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka mzima. Mteremko huipitisha hewa hiyo na kuiacha iende zake, mradi haikuzuiwa: ukuta, ua mnene au safu ya miti iliyopandwa kukingama chini ya shamba huifungia hewa baridi humohumo ndani ya mizabibu. Anayekagua kiwanja hana budi kuangalia kilicho chini ya mpaka wake kwa makini yaleyale anayoangalia kilicho ndani yake.

Hata mahali pasipojua jalidi, bonde lina tatizo la umande na ukungu. Ubwiri vinyoya, ambao ni miongoni mwa magonjwa makubwa ya mzabibu, hauwezi kuingia kwenye jani kavu, kwani unahitaji maji yaliyokaa juu ya jani kwa saa kadhaa. Wakulima wa Ulaya wana kanuni rahisi ya kukadiria maambukizi ya kwanza ya msimu: chipukizi lenye urefu wa sentimita 10, mvua ya milimita 10 na joto la nyuzi 10 za Selsiasi vikikutana, ugonjwa unaweza kuanza. Mteremko unaopata upepo wa wastani hukausha majani mapema na hivyo kupunguza idadi ya mara za kunyunyizia dawa. Ubwiri unga, kwa upande wake, hauhitaji maji juu ya jani. Huenea katika hewa ya joto na kivuli, kwa hiyo mteremko peke yake hautoshi kuudhibiti.

Mteremko nao una gharama zake. Mvua huukokota udongo wa juu na kuupeleka chini, mashine hushindwa, na kazi zote hugeuka kuwa za mikono. Mwinamo wa asilimia 5 hadi 15 huondoa maji na hewa baridi bila kumzuia mtu wa trekta. Kadiri unavyozidi hapo, ndivyo matuta, ngazi za mawe au majani ya kufunika udongo yanavyozidi kuwa lazima. Katika bonde la mto Mosel nchini Ujerumani kuna mashamba yaliyo wima kiasi kwamba wafanyakazi na zabibu husafirishwa kwa vigari vidogo vinavyopanda kwenye reli moja. Watu wa huko hawakuchagua taabu hiyo kwa kupenda: wako kaskazini ya mbali, na ni mteremko mkali tu unaoelekea kusini ndio unaopokea jua la kutosha kuivisha zabibu zao.

Kwa maana hiyo, upande ambao mteremko unaelekea haupaswi kuigwa kutoka mahali pengine bila kufikiri. Kaskazini ya mbali mteremko wa kusini ndio wenye jua, na kusini ya mbali ni ule wa kaskazini. Karibu na ikweta, ambako jua hupita karibu na utosi, swali lenye maana ni kati ya mashariki na magharibi. Mteremko wa mashariki hukauka umande mapema na kuepuka jua kali la alasiri. Ule wa magharibi hupokea jua hilo wakati hewa imekwisha kupata joto la siku nzima, na zabibu zilizo wazi huungua ngozi. Kwa maeneo ya joto, mashariki ni chaguo la wazi.

Sehemu ya mteremko nayo ina uzito wake. Juu kabisa kuna upepo mkali na udongo mwembamba; chini kabisa kuna baridi, maji na udongo mzito uliokokotwa kutoka juu. Katika Côte d'Or, huko Burgundy nchini Ufaransa, mashamba yenye daraja la juu kabisa yamepangana katikati ya mteremko, ilhali ardhi tambarare ya chini hutoa divai za daraja la kawaida, ingawa umbali kati ya moja na nyingine mara nyingi ni wa kutembea dakika chache.

Hata hivyo tambarare yenyewe si kosa. Médoc, katika eneo la Bordeaux, ni karibu bapa, na bado ina mashamba ya sifa kubwa, kwa sababu udongo wake ni changarawe nene inayopitisha maji haraka. Bonde kavu lenye changarawe, lisilo na jalidi na lenye maji ya kumwagilia, hulishinda pori la mteremkoni kwa mtu anayelenga zabibu za kula mezani, maana anahitaji uzito wa mavuno na barabara ya kufikisha malori. Linalopaswa kukataliwa ni bonde lenye maji yasiyo na pa kwenda.

Udongo mwembamba na udongo mnene

Udongo wa juu hautoi habari za kutosha. Inafaa kuchimba shimo la kina cha mita 1.2 hadi 1.5 katika kila sehemu ya kiwanja inayoonekana tofauti, kuingia ndani yake na kukwangua ukuta kwa kisu kuanzia juu kwenda chini. Rangi moja ya hudhurungi au nyekundu inayoshuka bila kukatika ni habari njema, kwa kuwa inaonyesha hewa inafika chini. Ukuta ukibadilika na kuwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji hukaa hapo kwa sehemu ya mwaka, hata kama siku ya ukaguzi pote ni pakavu. Mizizi ya majani na vichaka inayoshuka sentimita 40 kisha ikapinda na kutambaa kwa ulalo inaonyesha tabaka gumu. Kisu kikigonga hapo kinarudi. Tabaka la namna hiyo linaweza kuvunjwa kwa jembe refu la kuchana udongo kabla ya kupanda, lakini mwamba mzima hauvunjiki, na mfinyanzi ulioloa huchanwa leo ukafunga tena baada ya mvua chache.

Baada ya kuangalia, maji yamwagwe shimoni, yaachwe yaishe, kisha yamwagwe tena. Yakinywewa katika saa chache, udongo unafaa. Yakikutwa bado yamesimama kesho yake, kiwanja hicho kinahitaji mifereji au mabomba ya kutolea maji chini ya ardhi, na mtu mwenye kiwanja cha pili cha kulinganisha hana sababu ya kuendelea nacho.

Tukilinganisha sasa udongo mwembamba wa changarawe na udongo mnene wa tifutifu wenye rutuba, wa pili hutoa machipukizi marefu, majani mapana na vichala vizito katika miaka ya mwanzo, na mgeni husifu. Kinachofuata huonekana polepole. Macho ya mzabibu, yaani vifundo ambavyo machipukizi ya msimu ujao yatatokea, huamua msimu huu kama yatabeba vichala au la, na uamuzi huo hutegemea mwanga na joto vinavyoyafikia. Majani yakifunikana, macho yaliyo kivulini huwa tasa, mmea unakosa matunda ya kulisha, nguvu yote inarudi kwenye majani, na kivuli kinazidi. Mzunguko huo huvunjwa kwa kazi ya mikono isiyokwisha ya kupunguza majani. Kwenye udongo mwembamba mkulima hukabiliwa na kinyume chake: ukuaji ni haba, na anaongeza maji na mbolea kwa kiasi anachotaka yeye. Uwezo huo wa kuongeza kidogokidogo ndio ninaoupa alama nyingi kuliko rutuba yenyewe.

Vipimo vya maabara havipaswi kuachwa. Uchachu wa udongo kati ya 5.5 na 7.5 kwa kipimo cha pH huvumilika bila shida kubwa. Chini ya hapo aluminiamu huanza kudhuru mizizi, na kwenye chokaa nyingi majani hugeuka njano kwa kukosa chuma. Chumvi ni jambo zito zaidi, kwa kuwa mzabibu huanza kupoteza mavuno inapozidi takribani desisimensi 1.5 kwa mita katika udongo (kipimo cha umeme unaopitishwa na chumvi), na chumvi hiyo haiondoki bila maji mengi ya kuiosha na mahali pa kuyatoa.

Historia ya kiwanja na majirani wake huulizwa mara chache, nayo ina uzito. Ardhi iliyong'olewa mizabibu mikongwe inaweza kuwa na minyoo ya mizizi inayobeba virusi, na inahitaji kupumzishwa kwa miaka kadhaa chini ya nafaka au nyasi. Shamba la nafaka upande unakotoka upepo ni hatari ya aina yake: dawa ya magugu ya 2,4-D ikipeperushwa, hata kwa kiasi kidogo mno, hukunja na kuchanachana majani ya mzabibu, na ni mimea michache ya shambani inayoumia kwa urahisi kama huu.

Mizizi ya asili na mche uliobebeshwa

Kipandikizi cha mzabibu hutoa mizizi kwa urahisi, kwa hiyo njia rahisi ni kuchoma kijiti ardhini na kungoja. Njia hiyo ilitosha kwa maelfu ya miaka, hadi filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari kutoka Amerika Kaskazini, alipoingia Ufaransa katika miaka ya 1860 na kuanza kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya. Mtaalamu wa mimea Mfaransa Jules-Émile Planchon na wenzake walimtambua mwaka 1868, na dawa iliyodumu haikuwa ya kunyunyizia: ilikuwa kubebesha aina za Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo ilikwisha kuishi na mdudu huyo.

Mche wa mizizi yake yenyewe ni rahisi, na ukikatwa na baridi au moto huchipua upya ukiwa wa aina ileile. Unafaa kwenye mchanga mtupu, ambamo filoksera hastawi, au katika eneo ambalo hajafika. Mche uliobebeshwa hugharimu zaidi, lakini unampa mkulima nafasi ya kulinganisha mizizi na udongo wake. Kwenye udongo mkavu na mwembamba, mashina yaitwayo 110 Richter na 140 Ruggeri huvumilia ukame. Kwenye chokaa nyingi, 41B na Fercal ndizo hutajwa kwanza. Kwenye udongo wenye unyevu na rutuba, 101-14 au Riparia Gloire hupunguza kasi ya ukuaji. Kwenye mchanga wenye minyoo ya mizizi, Ramsey hustahimili, ingawa huupa mmea nguvu nyingi.

Ubebeshaji wenyewe si kinga kamili. Huko California shina la AXR1, ambalo nusu ya asili yake ni mzabibu wa Ulaya, lilipandwa kwa wingi kwa sababu ya mavuno yake, na katika miaka ya 1980 mashamba yaliyolitegemea yalianza kufa kwa filoksera ileile na kulazimika kung'olewa. Kwa shamba la kudumu, katika nchi ambayo mdudu huyu yupo au anaweza kufika, nachagua mche uliobebeshwa juu ya shina lisilo na damu ya Ulaya, isipokuwa kwenye chokaa nyingi inayolazimisha 41B au Fercal, ambazo zina damu hiyo.

Waya, kichanja na kichaka

Hapa uchaguzi huwa mwepesi zaidi, kwa kuwa nguvu ya udongo imekwisha kusema. Kwa mfumo wa waya, vichala hukaa kwenye waya wa chini, takribani sentimita 80 hadi 100 kutoka ardhini, na machipukizi husimamishwa wima kati ya jozi za waya hadi kufikia urefu wa mita 1 hadi 1.2. Mwanga huingia, dawa hufika kwenye vichala, na mashine hupita. Safu zikiwa mita 2.5 na mimea mita 1.5, hekta moja huchukua mizabibu 2,667. Mfumo huu unaufaa udongo wa nguvu ndogo au ya wastani. Kwenye udongo wenye rutuba nyingi machipukizi hupita waya wa juu na kuangukia upande wa pili, na kivuli kilichoelezwa hapo juu kinaanza.

Kichanja chenye kimo cha mita 2 hivi hutandaza majani juu na kuacha vichala vining'inie kivulini. Huubeba mmea wenye nguvu bila kuusonga, hukinga zabibu na jua kali, na kwa sababu vichala havigusani na matawi, ngozi zake hubaki safi kwa soko la zabibu za kula. Gharama ni nguzo na waya vingi zaidi, kazi ya mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa kutwa nzima (anayepanga ujira wa wafanyakazi alikumbuke hilo), na hewa isiyopita vizuri chini mvua zinapokuwa nyingi. Mahali pa joto kali na jua la mwaka mzima, kichanja kinashinda. Mahali pa mawingu na unyevu, waya unashinda.

Kichaka kisicho na tegemeo lolote kinafaa ukame, upepo na udongo maskini, ambamo mimea hupandwa kwa kuachiana nafasi kubwa na kila mmoja hutafuta maji yake. Kisiwani Santorini, nchini Ugiriki, wakulima huyasokota matawi chini kwa duara kama kikapu, na zabibu hukaa ndani zikikingwa na upepo wa bahari. Mavuno ni haba na mashine haziwezi kuvuna, kwa hiyo ni mfumo wa mtu asiye na maji wala mtaji wa nguzo.

Kupogoa kufupi na kupogoa kurefu

Kupogoa kufupi huacha kwenye mkono wa kudumu wa mzabibu vijiti vya macho 2 kila kimoja. Kupogoa kurefu huondoa karibu kila kitu na kuacha tawi moja au mawili ya mwaka uliopita yenye macho 8 hadi 12, yakafungwa kwenye waya. Njia ya kwanza hufundishwa kwa mfanyakazi mpya katika siku moja, na machipukizi yake hutoka kwa usawa. Ya pili inahitaji jicho la kuchagua tawi, lakini kwa baadhi ya aina haina mbadala. Sultanina, zabibu isiyo na mbegu inayojulikana pia kama Thompson Seedless, ina macho tasa karibu na shina. Aliyeipogoa kwa vijiti vifupi atapata majani mazuri na vichala vya kuhesabu.

Mkato wenyewe huachwa sentimita 1 au 2 juu ya jicho la mwisho, ukiinama upande usio na jicho ili majimaji yanayotoka yasilidondokee, na hufanywa siku kavu, kwa kuwa mbegu za kuvu wa magonjwa ya shina husambaa na mvua na kuingilia kwenye kidonda kibichi. Vidonda vikubwa hupakwa dawa au rangi ya kuzibia siku hiyohiyo.

Katika tropiki, kama Dodoma au bonde la mto São Francisco nchini Brazili, hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, na kupogoa ndiko kunakouanzishia msimu, hivyo mavuno mawili kwa mwaka yanawezekana. Tatizo ni kwamba tawi refu huchipua kwenye ncha tu. Vijiti vifupi hupunguza tatizo hilo, na kwa aina zinazozaa karibu na shina ndivyo vya kuchagua. Matawi marefu hupindwa, au macho yake hupakwa sianamidi ya hidrojeni ili yachipue; dawa hii ni sumu, na aliyeishika asinywe pombe kwa siku kadhaa, kwani mchanganyiko huo mwilini ni wa hatari.

Matone na mifereji

Umwagiliaji kwa matone hufikisha shambani kiasi cha maji kinachojulikana, huacha katikati ya safu pakavu, haulowanishi majani na unafuata mteremko wowote. Mifereji inahitaji ardhi iliyosawazishwa, hupoteza maji na hukuza magugu, ingawa ina faida moja inayosahaulika: maji mengi ya mara moja huisukuma chumvi chini ya mizizi, ilhali matone huiacha ikijikusanya pembezoni mwa sehemu iliyoloa. Anayetumia matone kwenye maji yenye chumvi kidogo na mvua haba hana budi kutenga umwagiliaji mmoja mrefu kila baada ya msimu kwa ajili ya kuosha udongo. Kumwagilia kwa kunyunyiza juu ya majani hakufai, isipokuwa kwa kukinga machipukizi na jalidi.

Kwa zabibu za divai, maji yanayobanwa kidogo kati ya tunda kushika na kuanza kubadilika rangi huzuia machipukizi yasirefuke na kuzifanya punje ziwe ndogo zenye ngozi nyingi. Kwa zabibu za mezani ubanaji huo hupunguza ukubwa unaouzwa, kwa hiyo haufanywi. Jambo hilo linarudisha uchaguzi kwenye ardhi, maana ni udongo unaokauka upesi tu unaomruhusu mkulima kubana maji wakati anaotaka. Pale viwanja viwili vinapolingana kwa yote mengine, kipimajoto cha usiku kiachwe katika kila kimoja kwa msimu mzima, maji ya chanzo chake yapimwe mwishoni mwa kiangazi na si wakati wa mvua, na kinunuliwe kile ambacho shimo lake lilikauka kwanza.